Kompyuta uliyojiundia inawaka lakini skrini ni nyeusi: pa kuanzia na pa kuishia

Umenunua vipande kimoja kimoja, ukavifunga, ukabonyeza kitufe. Feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini haionyeshi kitu. Usikimbilie kununua kadi nyingine ya grafiki. Kabla picha haijafika kwenye skrini, kompyuta hupitia ukaguzi wake wa mwanzo: umeme ukae sawa, prosesa (ubongo wa mashine) iitike, RAM (kumbukumbu ya muda) isomeke, kadi ya grafiki ipatikane. Ikikwama popote hapo, matokeo ni yale yale, giza. Na feni haithibitishi chochote, kwa sababu inachohitaji ni volti 12 tu ili izunguke. Prosesa inaweza kuwa haijaamka kabisa na feni zikaendelea kuvuma.

Mara nyingi hakuna kifaa kilichokufa. Kuna waya ambao haukuingia mpaka mwisho, au vifaa viwili vizima visivyoelewana. Kwa hiyo anza na yasiyogharimu kitu, na badilisha jambo moja tu kila mara unapojaribu. Ukigusa RAM, kebo na betri kwa pamoja na picha ikatokea, hutajua kilichoponya, na ikirudi giza wiki ijayo utaanza upya.

Kila unapotaka kuingiza mkono ndani ya kasha, zima swichi ya nyuma ya pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme), chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Shika chuma cha kasha kabla ya kushika RAM au kadi. Walio sehemu kavu kama Dodoma walitilie mkazo zaidi hili kuliko walio Pwani, maana hewa kavu ndiyo inayolea umeme tuli. Pawa saplai yenyewe usiifungue hata kama imechomolewa. Kapasita zake hutunza umeme wa kuumiza.

Hatua ya 1: Tambua kama imekwama au imewaka bila picha

Chomeka kibodi, washa, subiri dakika mbili, kisha bonyeza Caps Lock mara kadhaa. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, prosesa na RAM zinafanya kazi na kompyuta inaendelea na shughuli zake. Tatizo lako liko kwenye njia ya picha: kebo, adapta, mlango uliochomeka, monita, kadi au draiva (programu inayoiendesha kadi). Fanya hatua ya 2 na ya 3, kisha ruka hadi ya mwisho.

Taa isipobadilika, kuna uwezekano mkubwa kwamba mashine imekwama kwenye ukaguzi wa mwanzo. Fuata hatua zote kwa mpangilio.

Tahadhari moja kwa wenye mashine za DDR5 (aina mpya ya RAM), hasa za AMD zenye soketi (kitako cha prosesa) ya AM5. Mara ya kwanza kuwashwa, mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) hujipima na RAM mpya kwa dakika kadhaa, na muda wote huo skrini ni nyeusi. RAM ikiwa kubwa, muda unarefuka. Ipe dakika 15 kamili bila kuizima. Wengi huizima dakika ya tatu, wakaiwasha tena, ikaanza kujipima upya, na hivyo hivyo hadi wakaamini imeharibika.

Hatua ya 2: Skrini na kebo

Kwanza soma monita inasema nini. Ikiandika kwamba hakuna mawimbi, monita ni nzima na haipokei kitu. Ikiandika kwamba picha imezidi kiwango chake, kompyuta inatoa picha ila monita haiiwezi. Hapo suala ni mpangilio wa ukubwa wa picha, na vifaa havina kosa.

Wanaotumia televisheni sebuleni wahakikishe wamechagua mlango sahihi kwa rimoti, maana HDMI 1 na HDMI 2 hazibadilishani zenyewe kwenye kila televisheni. Televisheni nyingi pia huchelewa kushika picha, kiasi kwamba nembo ya mwanzo hupita kabla haijaonekana. Kwa kazi hii ya kutafuta tatizo, azima monita ya kawaida.

Kuhusu adapta kuna mtego unaowapata wenye monita za zamani za VGA. Ile adapta ndogo ya plastiki ya DVI kwenda VGA, isiyo na saketi ndani, hufanya kazi pale tu ambapo kadi inatoa mawimbi ya analogi. Kadi za GeForce kuanzia familia ya GTX 10 ya 2016 haziyatoi tena. Hata adapta ikiingia, skrini itabaki nyeusi, na kadi utailaumu bure. Tumia adapta ya HDMI kwenda VGA yenye saketi ya kubadilisha mawimbi, au tafuta monita yenye HDMI.

Hatua ya 3: Kebo umeichomeka wapi?

Nyuma ya kompyuta yenye kadi ya grafiki kuna sehemu mbili za kuchomeka: milango ya mazabodi upande wa USB, na milango ya kadi iliyo chini yake, iliyolala kando. Kama una kadi, kebo iingie kwenye kadi. Mazabodi nyingi huzima milango yao ya picha zikishaiona kadi.

Kama huna kadi, swali ni kama prosesa yako inaweza kutoa picha yenyewe. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kwa mfano Core i3-12100F au i5-12400F, hazina sehemu ya picha. Core i3-12100 bila F inayo. Kwa AMD, Ryzen 5 5600 haina, ila 5600G inayo. Ryzen 5 7600 inayo ndogo ya kutosha kuonyesha skrini, 7500F haina. Mazabodi kuwa na tundu la HDMI hakubadilishi kitu. Tundu lile ni njia tu, na picha inatoka kwenye prosesa. Prosesa za F huuzwa bei nafuu kidogo, na mnunuzi asiyeambiwa hubaki na mashine nzima isiyoweza kutoa picha mpaka atafute kadi.

Hatua ya 4: Umeme

Kagua plagi tatu. Ya kwanza ni ile ndefu ya pini 24 upande wa kulia wa mazabodi; isukume mpaka usikie mlio wa "tak". Ya pili ni ya prosesa, pini 8 (kwa mazabodi ndogo huwa 4), iko juu kushoto karibu na soketi. Hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, na ikikosekana feni zitazunguka kama kawaida bila picha. Ya tatu ni ya kadi ya grafiki, kama kadi ina tundu la umeme juu yake.

Plagi ya prosesa na ya kadi zote zina pini 8 na zinafanana kwa haraka. Zitofautishe hivi: ya prosesa hugawanyika 4 na 4, ya kadi hugawanyika 6 na 2. Ikikataa kuingia usilazimishe.

Sasa jambo zito zaidi kwa wanaonunua vifaa vya mtumba. Pawa saplai ambazo nyaya zake huchomoka zote haziruhusu kuchanganya nyaya za kampuni moja na nyingine, na hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Upande wa vifaa plagi ni za aina moja. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini zake. Waya usio wake unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5 na kuunguza diski au mazabodi kwa mara moja. Muuzaji akikupa pawa saplai na fungu la nyaya alizookoteza, chukua zile tu zilizokuja nayo.

Pawa saplai za zamani zina kiswichi chekundu nyuma chenye 115 na 230. Kwa umeme wa Tanzania na Kenya lazima kiwe 230. Kikiwa 115, utasikia mlipuko na harufu, na hiyo pawa saplai imekwisha.

Ukiwa na mita, pima waya wa zambarau kwenye plagi ya pini 24 dhidi ya mweusi, pawa saplai ikiwa imechomekwa na swichi yake ya nyuma imewashwa lakini kompyuta imezimwa: unapaswa kuona volti 5. Kompyuta ikiwaka, waya wa njano usome kati ya 11.4 na 12.6. Nje ya hapo, pawa saplai ndiyo mshukiwa wa kwanza. Nyaya zikiwa nyeusi zote, fuata mchoro wa pini badala ya rangi.

Hatua ya 5: RAM

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, kwa sababu hapa ndipo pana majibu mengi.

Chomoa RAM zote. Rudisha kipande kimoja tu kwenye sloti ya pili kutoka kwenye prosesa, ambayo mazabodi nyingi zenye sloti nne huiandika A2. Sukuma pande zote mbili kwa kidole gumba mpaka kufuli lijifunge. RAM inahitaji nguvu kuliko watu wanavyodhani, na mwenye kuiogopa huiacha imeingia upande mmoja. Washa, subiri dakika mbili. Ikishindikana, jaribu kipande cha pili kwenye sloti ile ile. Ikishindikana tena, hamia sloti nyingine. Andika kwenye karatasi ulichojaribu. Kipande kimoja kikikataa kila sloti, kipande ni kibovu; vipande vyote vikikataa sloti moja na kukubali nyingine, kasoro iko kwenye sloti hiyo au kwenye pini za prosesa.

Kama RAM ni ya mtumba, na hasa kwa wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar ambako unyevu na chumvi ya bahari hula shaba, tazama meno yake ya dhahabu. Yakiwa na ukungu au madoa, yasugue taratibu kwa raba nyeupe laini, pangusa unga wote wa raba, kisha malizia na kitambaa chenye alkoholi ya isopropili. Acha ikauke kabla ya kurudisha. Kazi hii ya dakika tano imerudisha picha kwenye mashine nyingi zilizokuwa zinatafutiwa mnunuzi wa vipuri.

Kisha soma lebo. RAM zilizotolewa kwenye seva huuzwa bei ya kuvutia, na kwa umbo ni DDR4 kama nyingine, lakini mazabodi za nyumbani hazizikubali kabisa. Kwenye lebo za Samsung, SK hynix na Micron utakuta maandishi kama PC4-2400T-R au PC4-2400T-U. Herufi baada ya kistari cha pili ndiyo ya kutazama: U ni ya kompyuta ya kawaida, R ni ya seva. Ukiona R, rudisha dukani. Ni nzima, ila haikutengenezwa kwa mashine yako.

Hatua ya 6: Taa nne ndogo

Mazabodi nyingi za miaka ya karibuni zina taa nne ndogo pembeni, karibu na plagi ya pini 24, zimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Wakati wa kuwaka huangaza kwa zamu kisha kuzimika. Ile inayobaki imewaka inakuonyesha ukaguzi umekwama wapi.

Ikibaki ya CPU: waya wa umeme wa prosesa, pini zilizopinda, au prosesa isiyotambuliwa na BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya mazabodi). Ikibaki ya DRAM, rudi hatua ya 5, na legeza kidogo skrubu za feni ya prosesa; zikikazwa kupita kiasi au upande mmoja zaidi, prosesa hukaa mshazari na baadhi ya sloti za RAM hazisomeki. Ikibaki ya VGA, chomoa kadi, irudishe mpaka kifuli chake kifunge, kagua umeme wake. Ikibaki ya BOOT ni habari njema: picha ilitakiwa iwe imeshatoka, na kinachokosekana ni diski yenye mfumo wa kuwasha. Kama bado ni giza, rudi kwenye kebo na monita.

Mazabodi isiyo na taa hizo huwa na pini nne zilizoandikwa SPEAKER. Kispika kidogo cha kuchomeka hapo kina bei ndogo na husema kwa milio. Maana ya milio hutofautiana kwa mtengenezaji wa BIOS, hivyo tumia kitabu cha mazabodi yako mwenyewe.

Hatua ya 7: Rudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani

Chomoa umeme. Toa betri ya duara, CR2032, subiri dakika tano, irudishe. Au tafuta pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS, JBAT1 au CLRTC na uziunganishe kwa ncha ya bisibisi sekunde 10, umeme ukiwa umechomolewa. Ukiwasha, mashine inaweza kujizima na kujiwasha mara mbili tatu. Ni kawaida.

Hatua hii huwaokoa hasa wawili: aliyeongeza kasi ya RAM kupita inavyoweza, na aliyezima CSM (mpangilio wa BIOS unaoruhusu vifaa vya zamani) ili aweke Windows 11. Huyu wa pili mara nyingi hajui alichofanya. Kadi nyingi za grafiki za kabla ya 2012 hazina programu ya UEFI (mfumo mpya wa kuwashia) ndani yake, na CSM ndiyo iliyokuwa ikiziwezesha kutoa picha wakati wa kuwaka. Ukiizima, kadi nzima kabisa inakaa kimya. Kurudisha mipangilio hurejesha picha kwenye mazabodi ambazo CSM huwa imewashwa tangu kiwandani. Nyinginezo zitahitaji kadi mpya zaidi, au prosesa yenye picha yake ili uingie BIOS na kuiwasha.

Hatua ya 8: Prosesa mpya, mazabodi ya zamani

Soketi kulingana hakutoshi. Mazabodi za B450 zilitoka 2018, Ryzen 5000 zikaja mwishoni mwa 2020. Zinakubaliana, lakini baada ya BIOS kusasishwa tu. Vivyo hivyo kwa B660 ya mwanzoni mwa 2022 na Core za kizazi cha 13. BIOS isiyoijua prosesa haitoi picha wala ujumbe.

Kama mazabodi yako ina kitufe cha kusasisha BIOS kutoka kwenye flashi, hauhitaji prosesa nyingine. Pakua faili ya modeli yako hasa kwenye tovuti ya mtengenezaji, fomati flashi kwa FAT32, lipe faili jina ambalo kitabu kinaelekeza, chomeka kwenye tundu la USB lililowekewa alama, bonyeza kitufe. Umeme usikatike katikati; kama eneo lenu lina mgao, tumia UPS. Mazabodi bila kitufe hicho itahitaji kuazima prosesa ya kizazi cha nyuma.

Hatua ya 9: Toa kila kitu nje ya kasha

Weka mazabodi juu ya boksi lake la kadibodi. Usitumie mfuko wake wa kijivu, kwa kuwa upande wake wa nje unaweza kupitisha umeme. Acha prosesa na feni yake, RAM moja, pawa saplai, na kadi kama prosesa haina picha. Washa kwa kugusanisha pini mbili za PWR_SW (za kitufe cha kuwashia) kwa bisibisi.

Ikitoa picha hapo nje, kosa liko kwenye kasha: nguzo ya shaba ya kubebea mazabodi iliyofungwa pasipo na tundu na kugusa mgongo wa mazabodi, skrubu iliyodondoka, au kitufe kilichonasa. Isipotoa, toa prosesa na kagua pini ukitumia tochi na kamera ya simu iliyovutwa karibu. Za AMD AM4 ziko kwenye prosesa na hunyooka kwa kadi nyembamba ya plastiki ukiwa na subira. Za Intel ziko kwenye soketi, nyembamba kama nywele. Mwachie fundi mwenye hadubini.

Hapo ndipo safari ya dukani ina maana. Beba mazabodi, prosesa na RAM pamoja, umwambie muuzaji: "Kaka, mashine haitoi picha. Nimejaribu RAM moja moja, nimerudisha BIOS, nimeitoa nje ya kasha. Naomba tuiweke hii prosesa kwenye mazabodi yako tuone." Ukieleza hivyo, ni vigumu kukuuzia kitu usichohitaji.

Hatua ya 10: Picha inatoka, kisha inapotea

Ukiona nembo ya mazabodi halafu giza Windows inapoanza, vifaa vimeshavuka ukaguzi. Bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Hiyo huanzisha upya draiva ya grafiki. Kisha bonyeza Windows na P, mshale wa chini mara moja, Enter, maana huenda picha inapelekwa kwenye skrini ya pili isiyokuwepo. Ikikataa, zima mashine kwa nguvu mara tatu mfululizo Windows inapoanza kupakia; itafungua ukurasa wa matengenezo, na kutoka hapo utaingia hali salama (Safe Mode), uondoe draiva ya kadi na kuweka mpya kutoka kwa AMD, NVIDIA au Intel.

Picha ikipotea pale tu unapofungua mchezo mzito, na feni za kadi zikapaa kwa kelele, acha draiva. Rudi kwenye pawa saplai: linganisha wati zilizoandikwa ubavuni mwake na kiwango kilichopendekezwa na mtengenezaji wa kadi yako, na kama kadi ina matundu mawili ya umeme, yapeleke nyaya mbili tofauti badala ya waya mmoja wenye vichwa viwili.